Kula inje na warafiki: kutoka bukari ya malewa mupaka pizza

Miaka fulani iliyopita tulikuwa vijana sita kwenye mafunzo mafupi ya uandishi wa habari kule Lubumbashi. Siku ya mwisho, mumoja wetu akasema: "Leo hatukule bukari, twende tukule pizza." Tukaingia restora moja, tukakaa kwenye meza karibu na barabara. Wakati karatasi ya bei ilifika, mwenzetu mumoja akairudisha bila kuisoma. Akasema: "Miye nimeshiba, mukule tu." Lakini tangu asubuhi tulikuwa pamoja naye, na hakuwa amekula hata kipande cha mukate.

Tukaagiza pizza mbili kubwa na vinywaji. Tukacheka, tukapiga picha. Kisha hesabu ikafika. Ilikuwa imeandikwa kwa dola, na kiwango cha restora cha kubadilisha dola hakikuwa kile cha wabadilishaji wa barabarani. Tukahesabu franka zetu zote, hazikutosha. Tukaanza kutazamana. Ule mwenye kusema ameshiba ndiye aliingiza mukono mufukoni, akatoa feza yake ya safari ya kurudi nyumbani, akaiweka juu ya meza. Hakuwa amekula hata kipande kimoja.

Kesho yake tulimurudishia feza yake. Lakini kila mara watu wakitaja pizza mbele yangu, ninakumbuka ule mukono. Njo sababu leo tunaandika juu ya jambo hili: pizza ni nini, pai ni nini, vilitoka wapi, bei yao inatoka wapi, na namna gani warafiki wanaweza kukula pamoja inje bila mutu kudanganya kwamba ameshiba.

Kwetu, kula inje kulikuwa tangu zamani

Kuna watu wenye kusema kula restora ni desturi ya wazungu ao ya watu wa Kinshasa. Si kweli kabisa. Kamina ni muji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi inafika hapa, kisha inaachana: moja inaenda Kananga na Ilebo, ingine inaenda Kabalo, na kutoka kule unaweza kufika Kalemie ao Kindu. Reli ya BCK ilifika Port-Francqui, yenye leo inaitwa Ilebo, katika mwaka wa 1928. Muji wenye watu wanashuka na kupanda treni, wakingoja siku moja ao tatu, unakuwaka na wamama wenye kupika. Musafiri hana jiko. Anakula kwa mama mwenye kuuza.

Leo malewa iko kila pahali penye watu wengi: karibu na gare, sokoni, kwenye vituo vya pikipiki. Ni meza ya mbao, benchi mbili, sufuria tatu na mbabula. Unapata bukari ya muhindi ao ya muhogo, sombe, lengalenga, maharagi, samaki ya Lualaba na ya maziwa ya Upemba. Magaribi, wale wa michopo wanawasha makala, na harufu ya nyama ya mbuzi inajaza barabara. Wengine wanaongeza chupa ya Simba, wengine munkoyo, wengine maji tu.

Kwa meza hizo kuna sheria zenye hakuna mutu aliziandika. Beseni ya maji inaanzia kwa mukubwa. Kijana ndiye anamwanga maji. Bukari moja inaweza kukulwa na watu wane katika sahani moja, na kila mutu anamega upande wake, hachukue upande wa mwenzake. Nyama ao samaki inagawanywa mwishoni, na mutoto mwenye anaikimbilia mbele ya wengine anaangaliwa vibaya. Tukiangalia vizuri, tutaona kwamba mambo mengi ya pizza tuliyajua mbele pizza haijafika kwetu.

Pizza ni nini

Pizza ni mukate mwembamba wa unga ya ngano wenye kupakwa tomati na vitu vingine juu, kisha unachomwa katika furu yenye moto mukali sana. Ilianzia Napoli, muji wa bandari kule kusini mwa Italia. Katika miaka ya 1700 na 1800 haikuwa chakula cha matajiri. Ilikuwa chakula cha wafanyakazi wa kila siku, watu wenye hawakuwa na jiko nyumbani, wenye kununua kipande barabarani na kukula wakiwa wamesimama. Ni kusema, pizza ilizaliwa katika malewa.

Tomati yenyewe haikuwa ya Italia. Ilitoka Amerika, kisha Wazungu walivuka bahari kuanzia mwaka wa 1492. Na hapa watu wa Kamina wasikilize vizuri: muhindi, muhogo na pilipili vilitoka pia Amerika. Wareno walivileta kwenye pwani za Afrika, kisha vikaingia ndani kidogo kidogo mupaka kwetu. Bukari yenye tunaiita chakula cha wankambo ina safari sawa na ya mchuzi wa pizza. Chakula kinakuwa chetu si kwa sababu kilizaliwa hapa, lakini kwa sababu tulijifunza kukipika na kukigawanya.

Habari yenye inajulikana sana ni ya mwaka wa 1889. Inasemwa kwamba mupishi wa Napoli Raffaele Esposito alimutengenezea malkia Margherita wa Italia pizza yenye rangi za bendera ya inchi: nyekundu ya tomati, nyeupe ya fromaji, kijani ya majani ya basiliki. Tangu ile siku, pizza ya namna hiyo inaitwa Margherita. Wana-historia wengine wanaonelea hadithi hiyo iliongezwa chumvi, lakini jina lilibakia.

Waitalia wenye kuhamia Marekani walienda na pizza yao. Kule New York, Lombardi's inahesabiwa kuwa pizzeria ya kwanza ya Marekani, kuanzia mwaka wa 1905. Kisha vita ya pili ya dunia, pizza ikaenea dunia nzima. Katika mwaka wa 2017, UNESCO iliandika ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa wanadamu. Chakula cha maskini wa bandari kikapewa heshima hiyo.

Pai na ndugu zake

Pai ni ndugu ya pizza, lakini chakula kiko ndani. Unakanda unga ya ngano pamoja na mafuta ya kuganda, unaufungia nyama, mboga ao matunda, kisha unaingiza katika furu. Katika Kifaransa kuna majina mbalimbali: ya wazi juu inaitwa tarte, ya kufunikwa inaitwa tourte, ya mayai na maziwa inaitwa quiche. Mwenye amefika Zambia, Ndola ao Kitwe, anajua pai ndogo ya nyama yenye kuuzwa kwa mikate. Ilifika kule kwa njia ya Waingereza.

Kuna pai moja yenye watu wa Katanga wanapaswa kuijua, kwa sababu ni ya wachimbaji kama sisi. Kule Cornwall, kusini-magaribi mwa Uingereza, watu walichimba bati na shaba. Muchimbaji alikuwa anashuka chini na pai ya kukunjwa kama nusu ya mwezi, yenye nyama ya ngombe, viazi na kitunguu. Iliingia mufukoni, haikuhitaji sahani. Wachimbaji wa Cornwall walienda kutafuta kazi katika migodi ya dunia nzima, na pai yao ikaenda pamoja nao. Tangu mwaka wa 2011 jina la pai hiyo linalindwa na sheria ya Ulaya.

Sisi tuna sambusa. Ni pai ndogo yenye kukaangwa. Ilipita kwa Waajemi, Wahindi na Waarabu, ikafika pwani ya Afrika ya Mashariki. Leo mutoto wa shule wa Kamina anainunua wakati wa mapumziko bila kujiuliza ilitoka wapi.

Pizza yenye inasema Kiswahili

Kama unataka kuona namna watu wa mashariki waliifanya pizza kuwa yao, nenda kwa mawazo mupaka Unguja. Kwenye bustani ya Forodhani, mbele ya bahari, karibu na Mji Mkongwe, wapishi wanapanga meza zao kila magaribi. Bustani hiyo ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka wa 2009. Kati ya vyakula vyao kuna chenye kuitwa "Zanzibar pizza".

Mupishi anachukua donge la unga, analinyoosha kwa mikono mupaka linakuwa jepesi kama karatasi. Katikati anaweka kipande kingine kidogo cha unga kusudi chakula kisipasue. Juu yake anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, fromaji laini kidogo na yai moja. Anachanganya pale pale, anakunja pembe nne kama barua, kisha anakaanga juu ya chuma pana. Kuna pia ya tamu, ya ndizi na chokoleti. Haina furu, haina mozzarella. Ukiangalia, ni pai kuliko pizza. Iko karibu sana na ile Waarabu wa Yemen wanaita mutabbaq, ni kusema "yenye kukunjwa", na ile watu wa Mombasa wanaita mkate wa mayai. Jina ni la Italia, mukono ni wa Waswahili.

Kule Uganda, vijana walifanya vile vile na chapati. Wanakaanga mayai pamoja na tomati na kabichi, wanayaviringisha ndani ya chapati, wanaiita rolex. Mwanafunzi mwenye feza kidogo anashiba. Hakuna mutu anamuuliza kama ni chakula cha kienyeji ao cha kigeni.

Juu ya nini bei yake iko juu

Mutu akiona bei ya pizza, anasema: "Ni mukate na tomati tu, wanatuiba." Tuangalie kilicho ndani ya ile bei.

Kwanza ni unga. Ngano inapenda baridi. Inchini mwetu inalimwa kidogo kwenye milima ya Kivu, lakini sehemu kubwa ya ngano yenye tunakula inatoka inje. Inashuka melini, inapanda lori ao treni, inapita mipaka na vizuizi, na kila pahali kuna kulipa. Wakati vita vya Urusi na Ukraine vilianza Februari 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, kwa sababu inchi zile mbili zinauza ngano nyingi. Ni kusema, vita ya mbali inaweza kufanya mukate wa asubuhi ya Kamina kuwa mudogo.

Pili ni fromaji. Ile mozzarella ya Italia inahitaji frigo tangu kiwanda mupaka mezani, na pahali umeme unakatika, fromaji inaharibika. Lakini inchini mwetu tuko na fromaji ya Masisi, yenye kutengenezwa na maziwa ya ngombe za milima ya Kivu ya Kaskazini. Ni ya muviringo, ni ngumu kidogo, inavumilia safari kuliko mozzarella. Watu wa Goma wanaijua vizuri. Shida ni kwamba Masisi imeteswa na vita kwa miaka mingi. Ngombe zikiibiwa na wachungaji wakikimbia, fromaji nayo inakosa. Kipande cha fromaji juu ya pizza kinaweza kukuambia mambo ya inchi kuliko hotuba.

Tatu ni moto. Furu ya Napoli inapita digrii 400, na pizza inaiva kwa dakika moja hivi. Kupata moto wa namna hiyo kunaomba kuni nyingi, gazi ao umeme wenye nguvu. Kwa restora yenye kutumia jenereta, kila pizza inabeba mazutu kidogo ndani yake.

Kwa hiyo, bei ya juu haimaanishe kila mara kwamba muuzaji ni mwizi. Lakini muuzaji naye ana deni moja kwa muteja: bei iandikwe wazi, ionyeshe kama ni dola ao franka, na kama ni dola, kiwango cha kubadilisha kionekane mbele watu hawajaagiza.

Pizza ya mbabula

Mwenye hana restora karibu anaweza kutengeneza nyumbani. Wamama wengi wa Katanga wanajua kuchoma gato kwa mbabula, na njia ni ile ile.

Kwa watu wane, chukua nusu kilo ya unga ya ngano, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha levire kavu, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na maji ya uvuguvugu karibu mililita 300. Kanda dakika kumi mupaka unga uache kushika mikono. Funika kwa kitambaa safi, acha saa moja ao mbili mupaka uvimbe mara mbili. Usiharakishe, bila kuvimba, utakula jiwe.

Wakati unangoja, chemsha tomati na kitunguu, kitunguu saumu na chumvi mupaka maji yakauke. Mchuzi wenye maji mengi unaharibu pizza.

Chukua sufuria nzito ya chini pana, uipashe, uipake mafuta. Nyoosha unga, uweke ndani, paka mchuzi, kisha vitu vya juu. Funika na kifuniko cha chuma, weka makala mengine juu ya kifuniko, na upunguze yale ya chini. Moto wa juu njo unaivisha, moto wa chini unaunguza. Angalia kisha dakika 15.

Cha kuweka juu? Samaki ya kukaushwa kwa moshi ya Bukama ao Kinkondja, yenye kutolewa miiba vizuri, inapatana na tomati. Nyama ya michopo yenye ilibakia inafaa. Sombe iliyokamuliwa maji inafaa pia, hata kama Muitalia atashangaa. Na kama hakuna fromaji, usione haya: kule Napoli kuna pizza ya zamani yenye kuitwa marinara, ya tomati, kitunguu saumu, majani ya kunukia na mafuta tu. Haina fromaji, na hakuna mutu anasema ni ya uongo.

Mikono mbele ya mudomo

Pizza, sambusa na bukari vinafanana kwa jambo moja: vinakulwa kwa mikono. Kwetu Haut-Lomami hilo si jambo dogo. Eneo la maziwa ya Upemba, upande wa Bukama, Malemba-Nkulu na Kinkondja, ni kati ya maeneo yenye kolera inarudia kila mara, na samaki pamoja na wasafiri wanatoka kule kuja huku. Kolera inapita kwa maji na chakula chenye kuingiwa na uchafu wa mugonjwa.

Mbele ya kukaa mezani, angalia mambo mane. Je, kuna maji yenye kutiririka na sabuni, ao ni beseni moja yenye watu kumi wamekwisha kunawa ndani? Beseni ya heshima ni nzuri, lakini maji yamwangwe juu ya mikono, yasirudiliwe. Je, chakula kinatoka kwenye moto, ao kilibakia tangu asubuhi? Je, mboga mbichi za juu zilioshwa na maji safi? Je, mwenye kukata chakula ndiye anashika feza kwa mukono ule ule? Ukiona mambo hayo hayako, ondoka bila kugombana. Rafiki wa kweli hatakasirika.

Na kama mutu anaanza kuhara maji maji na kutapika, musingoje kesho. Mumupeleke kituo cha afya haraka. Njiani mumunyweshe kidogo kidogo: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kolera inaua kwa kumaliza maji ya mwili, na inaweza kuua kwa masaa machache.

Hesabu ya meza

Sasa turudie ile meza ya Lubumbashi. Shida yetu haikuwa pizza. Shida ilikuwa kwamba watu sita walikaa bila kusema juu ya feza, kwa sababu kila mumoja aliona haya.

Kwetu, desturi inasema mwenye kualika ndiye analipa. Ni desturi nzuri, lakini vijana wa leo hawaalikane. Wanasema tu "twende". Neno "twende" halina mulipaji. Kila mutu anafikiri mwingine ndiye mukubwa wa meza. Kwa hiyo, mbele ya kutoka nyumbani, mutu mumoja aulize bila aibu: "Leo njo nani analipa?" Jibu linaweza kuwa moja kati ya haya matatu.

La kwanza: mumoja anaalika. Anasema wazi, na anasema kipimo chake: "Ninalipa chakula, kinywaji kila mutu ajipange." Hakuna aibu ndani yake.

La pili: kila mutu anatoa kiasi kimoja mbele. Tuseme pizza ni franka 20.000 na muko wane: kila mutu 5.000, feza zinakusanywa kwa mukono mumoja mbele ya kuagiza. Vinywaji vihesabiwe kando, kwa sababu mwenye kunywa maji asilipie chupa tatu za mwenzake. Hapa njo magombano mengi yanaanzia.

La tatu: likelemba ya chakula. Warafiki watano ao sita wanaweka kitu kidogo kila juma, na kisha mwezi wanakula pamoja na ile feza. Mwenye mushahara na mwenye biashara ndogo wanafika mezani wakiwa sawa, kwa sababu wote walikwisha kulipa. Kama mumoja ana shida juma fulani, anasema kwa mwenye kushika sanduku peke yake, si mbele ya watu wote.

Kuna pia hesabu ya pizza yenyewe, yenye watu wengi hawajui. Watu wanafikiri pizza mbili ndogo zinapita moja kubwa. Chukua metre. Pizza ya santimeta 30 kutoka upande mupaka upande ina eneo la santimeta mraba karibu 707. Ya santimeta 20 ina 314, na mbili zinafanya 628. Ni kusema, moja ya 30 inapita mbili za 20. Kama muko wengi, linganisheni bei mbele ya kuchagua. Na muombe ikatwe kulingana na watu: muko sita, ikatwe sita, si nane. Vile vipande viwili vya kubakia njo vinaleta macho mabaya.

Neno moja kwa vijana wanaume. Kumulipia binti chakula si kumununua. Kama ulimualika, ulimualika kukula, basi. Wadada wengi wanabeba feza yao ya kurudi nyumbani hata wakialikwa, na wako na sababu. Meza yenye mutu anaogopa deni lake si meza ya warafiki.

Kusoma "nimeshiba"

Wazee wetu walijua kwamba mugeni mwenye kusema "nimeshiba" mbele ya kunawa mikono anaweza kuwa na njaa. Hawakumuuliza maswali. Walimuletea maji. Mama wa nyumba alisema tu: "Kula hata kidogo, mwanangu, bukari haikatae mutu." Kisha akageukia kazi yake, kusudi mugeni asione kama anaangaliwa.

Kwa restora, jambo hilo ni gumu zaidi, kwa sababu kila kipande kina bei. Lakini linawezekana. Rafiki yako akirudisha karatasi ya bei bila kuisoma, usimulazimishe kwa sauti, usimuchekeshe mbele ya wengine. Agiza chakula cha kugawanya, si sahani ya kila mutu peke yake. Mwambie muhudumu akate kulingana na wote wenye kukaa. Kipande chake kikifika mbele yake kama vile cha wengine, hatakuwa na lazima ya kueleza chochote. Na kama kweli ameshiba, atakiacha ao atakibeba nyumbani kwa watoto.

Ile siku ya Lubumbashi, tungeweza kukata zile pizza kwa watu sita. Tulizikata kwa watano, kwa sababu yeye alisema ameshiba na sisi tulipenda kuamini. Tangu pale tumekula pamoja mara nyingi, mara nyingi bukari na samaki, hapa Kamina, kwa mama mumoja karibu na gare. Yeye sasa ndiye mushika sanduku wa likelemba yetu. Mbele ya kuagiza anahesabu watu kwa kidole, na anajihesabu wa kwanza.